Bado Kidogo Nitakuwa Meneja

Mwalimu hana shida ya kujieleza kwetu Nshambya, Bukoba. Nesi hana. Mvuvi wa dagaa hana, bodaboda wa Rwamishenye hana, hata yule kijana anayeuza senene kwenye ndoo msimu ukifika, kazi yake inaonekana na inanukia. Mwenye shida ni mimi, niliyeajiriwa Dar es Salaam na kampuni kubwa ya kimataifa ya ushauri, jina lake tuliache maana bado ndiyo inayonilipa, na ambaye kila nikienda likizo hutakiwa na ukoo mzima kutoa maelezo.

"Unashauri nini?"

"Nashauri mashirika, mabenki, wizara."

"Kuhusu?"

"Inategemea."

Hapo ndipo baba mkubwa huvua miwani. Wahaya tumesingiziwa mengi kuhusu kusoma, tumeitwa nshomile mpaka jina lenyewe limechoka, lakini watani wetu hawajui adha ya kutetea kazi yako mbele ya sebule ya namna hiyo. Pale kwetu kuna walimu wakuu wastaafu wawili, katekista, mhasibu wa zamani wa chama cha ushirika, na shangazi aliyesoma shule ya Rugambwa. Wote wanajua kuuliza swali la pili.

"Una umri gani wewe?" Anaujua, alikuwepo kwenye ubatizo.

"Ishirini na tisa."

"Na unaishauri benki?"

"Waitu, tuko timu."

"Hiyo benki haina wazee?"

Baba mkubwa ana haki zake. Alifanya kazi Shirika la Ukaguzi, TAC, lile lililoundwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, ili likague mashirika ya umma. Kwa simulizi zake, ngazi za cheo zilikuwa zinahesabika, na mshahara wa kila ngazi ulijulikana mpaka kwa mke wa mwenzako. Ulikaa, ukapanda. Ulizidi kukaa, ukapanda tena, ukastaafu, ukapewa saa ya ukutani. Nimejaribu kumweleza kwamba kwetu sisi mtu hapandi kwa kukaa. Anapanda wenzake wakiondoka. Akaniuliza kama wanaoondoka wanafukuzwa. Nikamwambia hapana, wanasaidiwa kutambua kwamba vipaji vyao viko kwingine. Akavaa tena miwani.

Kampuni hizi, tuelewane, si vibanda. Deloitte peke yake ina watu zaidi ya 450,000 duniani. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa nzima ya Bukoba, kuanzia Kashai mpaka Kitendaguro, ina watu 128,796. Maana yake Deloitte wakiamua kuhamia kwetu watahitaji Bukoba tatu na nusu, na ndizi hazitatosha. Ukiwajumlisha na PwC, EY na KPMG unapata wale wanaoitwa Wakubwa Wanne. Zamani walikuwa watano. Wa tano, Arthur Andersen, alisambaratika mwaka 2002 kwa kashfa ya Enron, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaamka na kadi za biashara zisizo na biashara. Habari hii nilimsimulia mama nikidhani ataipenda kama kisa. Tangu siku hiyo kila nikipiga simu anaanza na "kampuni bado ipo?"

Ipo. Ina umbo la piramidi: chini tumejaa, juu kuna viti vichache. Wamarekani wa McKinsey, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926 na mwalimu wa uhasibu aliyeitwa James McKinsey, ndio waliokuja kuwa mfano wa kanuni hii bila haya: baada ya muda fulani upande au uondoke, kukaa palepale hairuhusiwi. Huku kwetu haisemwi hivyo. Huku kila mwaka unaambiwa "bado kidogo". Umeingia na wenzako mkajaza ukumbi, mkapigwa picha na fulana za kampuni, na huko juu kiti ni kimoja, na aliyekikalia ana afya njema, hali ugali baada ya saa kumi na mbili jioni na anakimbia Kilimanjaro Marathon kila mwaka. Simwombei mabaya. Ila akipita kwenye korido akihema kidogo, hatuachi kumtazama.

Cheo cha mwanzo ni asosieti. Baada yake kuna asosieti mwandamizi, meneja msaidizi, meneja, meneja mwandamizi, mkurugenzi, halafu patna. Nilipopanda kuwa asosieti mwandamizi nilipiga simu nyumbani kabla hata sijamaliza kusoma barua. Mama akauliza kama wamenipa gari. Hawakunipa. Nyumba? Hapana. Mshahara? Umeongezeka, mama, na kodi ya mapato ikaongezeka nao, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama kawaida yake. Huyo ndiye patna pekee niliye naye mpaka leo: hahudhurii vikao, hakosi mgao.

Na cheo chenyewe kikikua hakisafiri vizuri. Mkurugenzi wa ofisini kwetu ni mtu mwenye meza iliyo karibu na dirisha na Toyota IST aliyoinunua kwa mkopo. Mkubwa wangu mmoja wa Karagwe alipopata cheo hicho, kwao walichinja mbuzi, wakamsubiri barabarani na vigelegele wakitazamia msafara kama wa mkurugenzi wa halmashauri. Akashuka kwenye basi la Mwanza na begi la laptop mgongoni, shati limekunjamana. Mzee mmoja alichungulia nyuma ya basi kuona kama gari la serikali linafuata.

Kuhusu upatna, hiyo habari niliifunga mwenyewe. Nilimweleza mama kwamba ukifika kule juu hupewi pesa, kwanza unatoa: unaingiza mtaji wako kwenye kampuni, na wengi huupata kwa kukopa. Mama alinyamaza sana.

"Yaani wanakupandisha cheo kwa mkopo?"

"Ndiyo."

"Baki hapohapo ulipo."

Kupanda kwenyewe kunapimwa kwa taimshiti. Kila Ijumaa naeleza nusu saa zangu zote zilikwenda wapi, na kila nusu saa lazima iwe na mteja wa kuilipia. Sasa hapa pana muujiza wa kihasibu. Ukifanya kazi ya mteja mpaka saa tano usiku na bajeti ya mradi imekwisha, meneja anakunong'oneza usiziandike saa hizo, zitamharibia faida. Usipoziandika, mfumo unaonyesha kwamba jioni ile hukuwa na kazi. Ukionekana huna kazi, wakati wa tathmini unaambiwa hukutumika vya kutosha. Niliuliza rasmi, kwa barua pepe, nifanye nini. Nilijibiwa kwa mdomo, kwenye ngazi, kwamba nitumie busara. Busara nayo haina namba ya mradi.

Mradi ukiisha kabla mwingine haujaanza, unasugua benchi, tena kwa maana ileile ya pale uwanja wa Kaitaba: umevaa, umepasha, unapiga makofi wenzako wakifunga magoli. Kukaa benchi siku chache unaitwa "uko tayari". Wiki zikiongezeka watu wanaanza kukusalimia kwa huruma. Mimi nikiwa benchi hutembea na daftari wazi na uso wa kufikiri. Kuna jamaa mmoja alikaa benchi muda mrefu kiasi kwamba alijua ratiba ya fundi wa viyoyozi. Leo yeye ni meneja, kwa sababu fundi alimtambulisha kwa mteja aliyekuwa akitengenezewa viyoyozi vilevile. Hili sikulibuni, na kwenye mafunzo yetu ya kukuza taaluma halimo.

Tathmini ya mwaka ndiyo siku ya kusomewa shairi. Unakaa mbele ya watu wawili, na mmoja wao hamjawahi kufanya kazi pamoja. Wanakupongeza kwanza, na hapo ndipo tumbo hukaza, kwa sababu pongezi huwa fupi. Kisha wanafungua "maeneo ya kukua". Eneo langu la kukua, mwaka hadi mwaka, ni kwamba sionekani. Nina urefu wa kutosha, kaka, naonekana mpaka kwenye picha za kikundi nyuma kabisa. Wao wanamaanisha nisemeseme vikaoni. Basi kikao kilichofuata nikasemasema. Tathmini iliyofuata ikasema nijifunze kusikiliza.

Nilianzia upande wa ukaguzi kabla ya kuhamia ushauri, na nilihama kwa sababu ya Desemba 31. Watu wa Kagera tunajulikana kwa kurudi nyumbani Krismasi. Ndege zinajaa, meli ya Mwanza inajaa, mabasi yanakwenda zaidi ya kilomita 1,400 watu wakiwa na masanduku miguuni. Mkaguzi harudi. Makampuni mengi yanafunga hesabu siku ya mwisho ya mwaka, na lazima mtu asimame stoo kushuhudia mali ikihesabiwa. Wenzangu wakila matoke na samaki, wakipeana rubisi, mimi nilikuwa ghalani Barabara ya Nyerere nahesabu misumari. Misumari haihesabiwi mmoja mmoja, inapimwa kwa kilo, lakini aliyenituma hakuniambia mpaka saa nane mchana.

Upande wa ushauri nilidhani nitapumzika. Nilichokuta ni zabuni. Siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST, na mfumo una saa ya kufunga usiyoweza kuibembeleza kama tulivyokuwa tukimbembeleza karani wa masjala. Kwa hiyo siku mbili kabla, ofisi hailali. Tunasoma hadidu za rejea kama waganga wanaosoma matumbo ya kuku, tunaandika uelewa wetu wa kazi ambayo hatujaielewa, na tunapanga timu. Kwenye karatasi patna ndiye kiongozi wa kazi, ana uzoefu tangu enzi za mashirika ya umma. Tukishinda, patna huonekana siku ya kufungua na siku ya kukabidhi ripoti, na katikati anaonekana kwenye nakala za barua pepe. Kazi inafanywa na mtu wa umri wangu ambaye kwenye andiko ameitwa mtaalamu na kwenye timu anaitwa "wewe wa slaidi".

Ndivyo nilivyorudi Kagera kama mtaalamu wa kahawa.

Kulikuwa na mradi wa kuwasaidia wakulima wa kahawa, na patna akagundua kwa furaha kwamba mimi ni mzawa. Niliwekwa kwenye timu kama bango. Tukatua Bukoba, mimi na wenzangu watatu wa Dar waliokuja na mabuti mapya, tukakodi gari, tukashika njia ya Muhutwe kwenda Kamachumu, Muleba, ambako sampuli yetu, kwa mujibu wa kompyuta, ilimwangukia mjomba wangu. Nilijaribu kueleza kwamba huyu ni mjomba. Nikaambiwa sampuli ni sampuli.

Tulimkuta kibanjani chini ya migomba. Nikamsalimia kwa heshima zote, akatutolea kahawa za kutafuna kama inavyopasa mgeni, na mwenzangu mmoja akazitia mfukoni akidhani ni sampuli. Nikafungua dodoso.

"Mjomba, ni changamoto gani kubwa inayomkabili mkulima wa kahawa hapa?"

"Umekulia hapa. Andika."

"Lazima useme wewe."

"Kwa nini? Umesahau au wamekukataza?"

Mjomba si mgeni wa wataalamu. Alikuwa mwalimu mwaka 2013 Serikali ilipoleta Matokeo Makubwa Sasa kwa mfano wa Malaysia, wakati neno maabara lilipohama kutoka kwenye darubini likaenda kwenye ukumbi wa hoteli. Wataalamu walijifungia humo wiki kadhaa, na moja ya yaliyotoka ni shule kupangwa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. "Rangi tulipata," alisema. "Madawati tuliendelea kusubiri." Akauliza kama safari hii nasi tumekuja kuipaka kahawa yake rangi. Mwenzangu wa mabuti akasema hapana, sisi tuna mfumo wa nyota.

Kisha, kwa kunionea huruma, akajibu dodoso. Akasema butura. Nilijua atasema butura. Kila mtoto wa Kagera angejua. Ada ya Januari inafika kabla ya kahawa. Mgonjwa hasubiri mavuno. Basi anakuja mwenye pesa, anauangalia mbuni ukiwa bado una maua, anakadiria utazaa kiasi gani, anakulipa papo hapo bei ya kuchekesha, na kahawa ikiiva ni yake. Wewe utailimia, utaipalilia, utailinda na wezi, lakini si yako. Serikali imeipiga marufuku butura miaka yote, na ushahidi kwamba haijaisha ni kwamba kila mwaka inabidi ipigwe marufuku upya.

Mwenzangu akachapa: "mauzo ya awali yasiyo rasmi." Mjomba alimtazama akichapa, akanigeukia mimi.

"Na nyinyi huko, mnaajiriwaje?"

Nikamweleza. Wanakuja chuoni mkiwa mwaka wa tatu, wanafanya usaili, mnasaini kabla ya mitihani ya mwisho. Wanakulipia ada na mitihani ya Bodi ya Wahasibu, ile ya Mei na Novemba, upate CPA. Ukiondoka kabla ya muda fulani unazirudisha.

"Mwaka wa tatu. Kabla ya mitihani."

"Ndiyo, mjomba."

"Saa yako moja wanaiuza kwa mteja shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Na wewe wanakupa ngapi?"

Nikamtajia na hiyo. Mjomba akachukua kahawa moja, akaitafuna taratibu, akamwita mwenzangu wa mabuti. "Kijana, pale ulipoandika 'yasiyo rasmi', ongeza: na yaliyo rasmi."

Alisaini fomu, akapokea soda na shilingi elfu kumi za nauli ya kwenda mahali ambapo hakuhitaji kwenda, kwa kuwa tulimkuta kwake. Ripoti ilitoka kwa Kiingereza ikiwa nene kama biblia ya mimbarini. Pendekezo lake kuu lilikuwa kwamba wakulima wapatiwe mikopo ya riba nafuu kabla ya msimu wa ada, yaani sentensi ya kwanza ya mjomba ikiwa imevishwa tai. Pendekezo la pili lilikuwa awamu ya pili ya utafiti.

Kusema haki, kazi hii inafundisha. Katika miaka michache umeingia ndani ya benki, mgodi, hospitali na kiwanda cha sukari, umeona vitabu vya watu walivyovificha hata kwa wake zao. Na hapo ndipo penye matarajio ya kweli, ambayo kwenye vipeperushi vya ajira hayaandikwi: unapanda vizuri zaidi ukitoka. Mteja anakuona unahangaika na slaidi zake saa nne usiku, anakuita pembeni, na mwezi unaofuata wewe ni mkuu wa fedha wake, una gari ambalo mama anaweza kulielewa. Kampuni wala haikasiriki. Inakuandalia sherehe, inakuweka kwenye orodha ya waliowahi kuwa wao, inakualika chakula cha jioni kila mwaka, kwa kuwa sasa wewe ndiye utakayewapa kazi. Sijaona mwajiri mwingine anayewapenda walioacha kazi kuliko waliopo. Mimi niliyebaki sijawahi kualikwa kile chakula. Huwa napanga viti.

Sasa imekuja na akili mnemba. Oktoba 2025 Deloitte ya Australia ilikubali kuirudishia serikali ya huko sehemu ya malipo ya ripoti moja, kazi ya dola za Australia kama 440,000, baada ya ripoti kukutwa imenukuu maandiko ambayo hayakuwahi kuandikwa. Akili mnemba ilikuwa imetumika kuiandaa. Ofisini watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu kutafuta marejeo ya mwisho wa ripoti, usiku, macho yamevimba, ndiyo ilikuwa kazi ya asosieti. Hata kukosea tumenyang'anywa.

Wiki iliyopita mama alipiga simu na safari hii hakuuliza kama kampuni bado ipo. Mtoto wa mama mdogo yuko Mzumbe, anasoma uhasibu, na ukoo umekaa kikao bila mimi ukaamua kwamba nitamwingiza. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kijana yule. Nilikuwa hata na mfano wa taimshiti. Lakini siku ileile ofisi ilituma tangazo: mfanyakazi atakayependekeza mtu, mtu huyo akaajiriwa na kumaliza muda wa majaribio, atalipwa bonasi. Nilisoma kiwango, nikakisoma tena, nikapiga hesabu ya tiketi ya ndege ya Desemba na bati za jiko la mama.

Nikampigia. Nikamwambia atume CV kabla ya Ijumaa.

"Kaka, lakini mitihani ya mwisho bado. Hata GPA yangu sijui itakuwa ngapi."

"Usijali," nikamwambia. "Hawa hawangoji iive."